Jina Lililokinyamazisha

Kilikuwa na joto. Hicho ndicho kilichomfanya Zeituni akishike mara ya pili, maana mara ya kwanza alikiokota tu ili asionekane amesimama bure kwenye kibanda cha watu. Soko la Kondele lilikuwa limenyeshewa tangu asubuhi. Bidhaa za Waswa, mwenye kibanda, zote zilikuwa zimelowa chini ya karatasi ya nailoni, pasi za makaa baridi, kufuli baridi, vijiko baridi, na katikati yao kipande hiki cha mti kina joto la kitu kilichotoka kwapani mwa mtu sasa hivi.

Kilikuwa cha mti mweusi, kimeng'aa kwa kushikwashikwa, urefu wake shubiri moja. Upande mmoja kimepanuka kama kengele. Upande wa pili kina kisahani bapa chenye tundu katikati, na tundu lenyewe limepita moja kwa moja hadi upande wa kengele.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Hiyo ni kitu ya wazungu ya kuwekea mshumaa," alisema Waswa bila kuangalia.

"Mshumaa utakaa aje na shimo limetokea chini?"

"Sasa mama, wewe unataka kununua ama unanifanyia mtihani?"

Zeituni akacheka. Akashangaa mwenyewe kusikia amecheka, kwa sababu alikuwa hajacheka tangu Ramadhani. Waswa akamwambia kitu hicho kilikuja kwenye gunia la vitu vya marehemu mmoja upande wa Katito, bibi mzee, watoto wake walikuwa wanabomoa nyumba na hawakutaka kubaki na chochote. Wakapatana bei, akakitia kwenye kikapu, akarudi kwenye meza yake.

Zeituni aliuza mapazia ya mitumba. Zamani aliuza nguo za watoto wachanga, na watu wa Kondele walimjua kwa hilo, lakini hiyo biashara aliiacha. Mimba yake ya kwanza ilifika miezi yote tisa. Siku alipoumwa, ndani ya Ramadhani, pale hospitali walimwekea mashine tumboni, na wote waliokuwa ndani ya chumba wakanyamaza. Wakampasua. Alipozinduka, wanaume walikuwa wameshamwosha mtoto, wameshamswalia, wameshamzika na kurudi. Uso wa mtoto hakuuona. Mumewe Mbarak alipotaka kumsimulia, Zeituni alimziba mdomo kwa kiganja, na tangu hapo nyumbani kwao habari hiyo haikutajwa tena.

Walikaa mtaa wa Manyatta, chumba na sebule ndani ya ploti yenye milango mingi na bomba moja. Jioni hiyo ploti nzima ilikuwa na shughuli moja tu, kuambiana kile kitu ni nini. Mbarak, fundi wa makochi, alikiweka mdomoni akapuliza, pakatoka upepo mtupu. Achola wa mlango wa pili alishika kiuno akasema watu wa siku hizi hawajui kitu, huo ni mrija wa kumiminia mafuta ya taa, nyanya yake alikuwa nao. Zeituni akapiga picha akaituma kwenye kikundi cha wauza mapazia. Mmoja akajibu kwamba ni kinu cha tumbaku. Mwingine akauliza kama anauza.

Sista Dorca alitoka chumba cha mwisho kufuata maji. Alikuwa mkunga maisha yake yote mpaka alipostaafu, na ploti nzima ilimwita Sista. Alikichukua, akakifuta kwa leso, na kabla hajafikiri anachofanya, mikono ikamtangulia: akaweka ule upande wa kengele juu ya paja la Zeituni, akainama, akaweka sikio kwenye kisahani.

Akainuka kwa ghafla.

"Umetoa hii wapi, nyara?" Alimwita hivyo, binti yangu, tangu Zeituni akiwa mdogo.

"Kondele. Kwani ni nini?"

Sista aliwaangalia wote waliosimama pale, halafu akamwangalia Zeituni, na ikaonekana wazi kwamba angependa kusema uongo.

"Ni ya kusikiliza mtoto akiwa tumboni. Kabla mashine hazijakuja tulikuwa na hii na masikio yetu, basi. Mos, nyara. Pole sana."

Achola akaangalia chini. Hata wale wa bombani walifunga maji.

"Kwetu mkunga akikufa anazikwa na yake," Sista akaendelea kwa sauti ya chini. "Hii imesikia mioyo mingi, na si yote ilifika. Haikai bila mwenyewe. Kesho rudisha. Usiweke kwa nyumba."

"Nitarudisha," alisema Zeituni.

Hakurudisha. Mimi simlaumu, na anayemlaumu aje tukae naye chini tuzungumze. Mwanamke ambaye watu walimnyamazia akiwa amelala na tumbo wazi, leo amepewa mkononi kile ambacho kingemwambia kilichokuwa ndani, arudishe ili iweje?

Kesho yake Mbarak alipotoka kwenda kazini, Zeituni alifunga mlango, akaweka kengele ya kile kitu juu ya godoro, upande wake wa kulalia, akatega sikio. Alijiambia anataka tu kujua inavyofanya kazi. Mwanzo hakusikia kitu. Halafu akasikia mbali, ndani kabisa, mbio ndogo ndogo za haraka, kama cherehani ya Mbarak ikishona mshono mrefu. Aliinua sikio, kimya. Akalirudisha, mbio zile zile. Akajaribu mezani, zikawepo. Akajaribu ukutani, kwenye sakafu, kwenye mlango wa kabati, na kila mahali moyo mdogo ulikuwa ukimkimbilia pale pale alipoweka sikio.

Siku hiyo hakwenda Kondele. Jioni Mbarak alimkuta amepika, amefagia, amevaa dera jipya, akafurahi. Alidhani mkewe amerudi.

Basi mambo yakaenda hivyo. Alikuwa akifungua mapazia saa chache tu, halafu anarudi mbio nyumbani akasikilize. Mpaka siku moja wateja wakamchelewesha, magharibi ikamkuta njiani, na alipoingia ploti alimkuta Achola amesimama mbele ya mlango wa Zeituni uliofungwa kwa kufuli, sufuria mkononi.

"Zeituni," alinong'ona. "Mmeletewa mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Sasa si huyo analia."

Kilio kilikuwa kinatoka ndani. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kile cha mtoto wa siku moja, kikavu, cha kukatika katika, na Zeituni alipofungua mlango akakuta chumba kitupu, kitanda kilivyotandikwa ni hivyo hivyo, na kile kitu kimesimama sakafuni kwa kengele yake ingawa asubuhi alikiacha kabatini, na sauti ilikuwa inapanda kutoka kwenye tundu la kisahani kama moshi unavyopanda kwenye bomba. Achola hakuingia. Alimwaga mboga zake pale mlangoni akakimbilia kwake, ukasikika mlango ukibamizwa na kitasa kikizungushwa.

Zeituni angeweza kukimbia pia. Lakini kilio cha mtoto kina namna yake ya kumshika mama miguu. Alikipakata, akakitikisa, akakiimbia, hakikunyamaza.

Sasa, Zeituni ni Mwislamu mtoto wa Mwislamu, lakini alizaliwa Manyatta akakulia Manyatta, na Manyatta mtoto akilia bila sababu, majirani Waluo hawakimbilii dawa. Wanakaa naye, wanamtajia majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, mpaka wafike kwa lile ambalo akilisikia ananyamaza. Hapo wanajua nani amekuja, na hilo ndilo jina la mtoto. Zeituni aliona mambo hayo tangu utotoni, kwa rafiki zake, kwa wadogo wa rafiki zake, na kamwe hayakushindwa. Kwa hiyo mdomo wake ulianza wenyewe. Alitaja jina la nyanya yake. Kilio. Akataja la shangazi yake aliyekufa maji. Kilio. Akataja la mama yake mzazi, akangoja, kilio kikazidi mpaka kikawa kinakaribia kukauka pumzi, na yeye naye analia, jasho linamtoka, adhana ya magharibi imeshaisha zamani na hajaswali, ndipo akalitaja lile ambalo hakuwahi kumtajia mtu, hata Mbarak, lile alilokuwa amemwekea bintiye tangu tumbo lilipoanza kuonekana.

"Naeema," akasema.

Kikanyamaza.

Akaweka sikio. Moyo ulikuwa ukienda taratibu, kwa raha, moyo wa mtoto aliyebembelezwa akalala.

Tangu siku hiyo maziwa yakamrudia. Kifua chake kilikauka miezi mingi nyuma, sasa kikajaa mpaka kikalowesha nguo, na kila kilio kilipoanza maziwa yalimtoka yenyewe. Alikuwa akikisimamisha kile kitu kifuani, kengele imemgusa ngozi, na chini ya mkono wake alisikia kinavuta. Mapazia yakabaki yamefungwa kwenye robota. Chakula akakiacha. Chumba kikaanza kunuka maziwa yaliyolala, kwanza kidogo, halafu mpaka makochi ya wateja aliyoyaleta Mbarak nyumbani yakakataliwa na wenyewe kwa ajili ya harufu. Mikono yake ikawa myembamba, bangili zikawa zinaanguka zenyewe akifua. Na uso wake, jamani, uso wake ulikuwa na furaha, na hiyo ndiyo iliyomtisha Mbarak kuliko kitu kingine chochote.

Mchana mmoja wa jua kali alirudi bila kutarajiwa, amesahau nyundo yake. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Akamwona mkewe ameketi kitandani amegeukia ukuta, anaimba polepole, na akasikia ile sauti ya kunyonya, ya mtoto mwenye pupa, ikikatika kumeza na kuanza tena, akabaki anatazama mgongo wa Zeituni ambao mifupa yake sasa ilihesabika chini ya dera, mpaka yeye mwenyewe akageuka, akatabasamu, na mbele ya dera lake palikuwa pamelowa, na maji yale hayakuwa meupe tena, yalikuwa na rangi ya damu iliyochanganywa na maji.

"Nyamaza usimwamshe," alisema Zeituni.

Mbarak alitoka bila nyundo. Alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha mwisho.

"Sista, mke wangu anaisha."

"Nilimwambia arudishe," Sista Dorca alisema, huku anajifunga leso. "Siku ile niliweka kwa paja, Mbarak. Paja! Nikasikia moyo. Nikaogopa kusema. Huyu atakunywa mpaka mwisho. Wewe enda kwa mwalimu wenu, mimi nakaa na yeye."

Mwalimu Farouk alifika alasiri. Ni mtu mpole, wa maneno machache, watu wa Manyatta wanamwita akitokea mgonjwa wa namna hii. Alifukiza ubani, lakini ile harufu ya maziwa iliupita. Zeituni alikuwa amelazwa, kichwa kwenye mapaja ya Sista, na kile kitu amekikumbatia kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua zilitoka wapi. Mwalimu akaketi, akasoma. Alisoma kwa muda mrefu. Kilio kikaanza, kikapanda, majirani wakatoka nje ya vyumba vyao wakasimama juani, hakuna aliyesogea karibu, na Mwalimu akazidi kusoma, na kilio kikageuka kidogo kidogo, kikawa kinaunda maneno, maneno mazima, kwa ile ile sauti ya mtoto asiye na meno.

"Sitoki. Nimepewa jina."

Sista Dorca akaanza kumwomba Yesu kwa Kijaluo. Mwalimu alikatisha kisomo.

"Nani kakupa?"

"Mama."

Mwalimu akamgeukia Zeituni, akamwuliza taratibu, kama anayeongea na mgonjwa wa homa, amekiita nani. Zeituni akatikisa kichwa. Akamwuliza tena. Akamwambia, binti yangu, viumbe hivi vinazunguka bila makao, na ukikipa kimoja jina umekipa makao, mimi siwezi kukitoa kwenye mlango uliokifungulia wewe.

"Si kiumbe," alisema Zeituni. "Ni Naeema. Ni mwanangu. Nilimtajia majina yote akakataa, akanyamazia lake. Ingekuwa si yeye angelijuaje?"

"Naeema nani?" Mbarak aliuliza.

"Mwanao!" Alipiga kelele mpaka wa nje wakasikia. "Mwanao uliyemzika mimi nimelala! Mmemwondoa mara moja, sasa mnataka kumwondoa tena!"

Mbarak alikaa chini, pale pale sakafuni. Mikono yake mikubwa ya fundi alikuwa hajui aiweke wapi.

"Mwanangu haitwi Naeema," alisema.

Kilio kikakatika.

"Nilimpa jina, Zeituni. Kabla sijamshusha. Waliniambia nifanye haraka, nikawaambia wangoje. Nilimfunua sikio nikamwambia, wewe ni Afnan binti Mbarak. Nilitaka kukwambia siku ile ile, ukaniziba mdomo. Nikaogopa. Kila siku naogopa."

Zeituni alimtazama kama mtu asiyemjua. "Ulimpa jina bila mimi?"

"Asingeweza kwenda bila jina."

"Ulimwona?"

"Nilimwona." Akajishika sikio. "Nywele nyingi. Sikio la kulia limekunjika kidogo hapa juu, kama alilalia. Kidevu chako."

Zeituni akajiinua taratibu, Sista anamshika mgongo. Akakisimamisha kile kitu mapajani, akainamisha mdomo kwenye tundu.

"Afnan," akaita.

Kilio kikaanza upya.

"Afnan. Afnan, mama ndiye huyu. Afnan mwanangu." Aliita mpaka koo likakauka, kwa kubembeleza, kwa kuomba, kwa kukaripia, na kilio kilizidi tu kwa kila wito, kikali, cha hasira, cha mtu aliyeitwa kwa jina la mwenzake. Sista Dorca alikuwa analia wazi wazi, maana yeye alijua sawasawa Zeituni anachofanya, na alijua jibu lake. Mwisho Zeituni akanyamaza. Akavuta pumzi.

"Naeema," akasema.

Kikatulia. Moyo ukasikika bila hata kuweka sikio, ukienda kwa raha.

"Basi si wewe," alisema Zeituni. Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya kisahani yakiingia ndani ya tundu. "Si wewe. Wa kwangu ana jina lake, na hilo hulijui. Mimi si mama yako. Hilo nililokupa nimekuachia, chukua, nenda nalo, lakini toka kwangu."

"Mama," ile sauti ikasema.

Hakuna mtoto aliyewahi kumwita hivyo. Mbarak aliona alivyotikisika, aliona mkono wake ukienda kifuani wenyewe, akadhani basi, wamempoteza. Lakini mkono ule haukubaki kifuani. Zeituni aliushusha, akakiweka kiganja juu ya tundu, akaziba, akakandamiza kwa uzito wake wote, na chini ya kiganja mbio zile zikawa mwendo, mwendo ukawa hatua moja moja, hatua zikawa zinangojana. Alikaa hivyo akizihisi mpaka ya mwisho. Halafu akangoja nyingine, ikawa hakuna, na mti ule ukapoa mkononi mwake.

Walikichoma uani kabla jua halijazama. Moshi wake haukupanda. Ulitambaa chini, ukapita katikati ya miguu ya watu, ukatokea langoni ukielekea upande wa ziwa. Achola anaapa kwamba majuma kadhaa baadaye, jamaa zake wa karibu na ufuo walisikia kitoto kikilia kwenye nyumba isiyo na mtoto. Mimi sikuwepo huko. Ninachosema ni kwamba ukisikia hivyo, shika mdomo wako, usikitajie jina hata moja, maana lake tayari kinalo na bado kinatafuta mlango.

Zeituni alilala kitandani siku nyingi. Sista alimfunga kifua kwa leso mpaka maziwa yakaacha kuja, akamlisha uji kwa kijiko. Alipopata nguvu ya kutembea alimwomba Mbarak ampeleke makaburini. Si desturi ya wanawake wa kwao kwenda, na Mwalimu Farouk, aliyewakuta langoni, aliwasalimu tu akapita. Mbarak alimwonyesha. Palikuwa padogo kuliko alivyofikiria, majani yameshapafunika nusu. Alichuchumaa akayang'oa moja moja, akapasafisha kama mtu anavyotandika kitanda, kisha akainama mpaka karibu na udongo akalitaja jina la bintiye. Hakuna kilichomjibu. Alilitaja tena kwa sababu alikuwa bado hajalizoea.

Waliporudi, Sista Dorca alikuwa ameketi kizingitini anachambua visamaki vya omena. Akawaona wanaingia langoni, akasimama, akajipangusa mikono.

"Umerudi, Mama Afnan?" akauliza.

"Nimerudi," alisema Zeituni. Kisha akakaa pale pale chini kando ya bomba, akalia kwa sauti, kilio chote alichokuwa nacho tangu Ramadhani, na milango ya ploti ikafunguka mmoja mmoja, watu wakatoka wakaketi naye, na hakuna hata mmoja aliyemwambia anyamaze.